Nyayo za Uwanja wa Makaribisho

Nchi ya Karimani haimo katika ramani niliyofundishwa shuleni, na sitagombana na mtu atakayesema haipo. Mimi nimekaa huko siku kumi na tisa. Nimekula chakula chao na nimeogopa wanachokiogopa, kwa hiyo nitaeleza nilivyoona, na pale nilipofanya vibaya nitasema pia.

Naitwa Shaibu Kirobo, mkalimani. Baraza la Mapokezi la Karimani liliniita kwa sababu hakukuwa na raia hata mmoja aliyejua lugha yetu. Si kwamba ni lugha ngumu. Sheria inakataza kujifunza lugha za nchi jirani, kwa hofu kwamba mtu akielewa maneno ya wanaobisha hodi, ataanza kuwajibu.

Pale langoni nilipokewa na ofisa aliyepewa kazi ya kunitunza, Bwana Lukindo, mtu mpole mwenye sauti ya chini, aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri. Aliniweka mbele ya karani, na karani akaniuliza swali moja tu.

"Umefika?"

"Nimefika," nikajibu.

Akaandika jina langu kitabuni na kunigonga muhuri wa buluu kwenye kifundo cha mkono. Lukindo akaniambia niutunze. Katika Karimani mtu si mtu mpaka aulizwe swali lile na kulijibu. Asiyejibu hajafika. Ndiyo maana nchi nzima inajivunia kwamba haijawahi kumfukuza mgeni hata mmoja: anayefukuzwa huwa hajafika, na asiyefika hawezi kuitwa mgeni.

"Na wale wanaofia kwenye uzio?" niliuliza. Nilikuwa nimeuona uzio huo njiani, waya wa miba safu nne, na mtaro mrefu chini yake.

Lukindo alitazama huku na huku. "Ndugu mkalimani, neno hilo halitumiki mpakani. Nyumbani mtu anakufa, hospitalini anakufa, tunamzika na tunalia kama nyinyi. Mpakani mtu anachelewa. Tafadhali lizoee neno hilo. Ukikosea mbele ya Baraza, karani atakata jina lako kitabuni, na hapo hapo ulipo utakuwa hujafika. Mtu yeyote ana haki ya kukuswaga mpaka kwenye waya."

"Imewahi kutokea?"

"Mkalimani aliyekutangulia alikuwa raia aliyejifunza lugha yenu kwa siri," alisema, kisha akaanza kunionyesha majengo.

Shauri nililoitiwa lilihusu sakafu. Mbele ya Wizara ya Mapokezi kuna uwanja mpana unaoitwa Uwanja wa Makaribisho. Mwaka uliopita serikali iliajiri fundi sakafu mwanamke, Sikitu, kuumwagia zege jipya. Sikitu alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye viganja vilivyobabuka kwa saruji. Nyumba yake ilikuwa karibu na uzio, na kwa miaka mingi alikuwa akiokota viatu kwenye ule mtaro. Hakumwambia mtu. Zege lilipokuwa bichi alikuja na magunia ya viatu hivyo, akavikandamiza na kuving'oa kimoja kimoja, vya wanaume, vya wanawake, na vingine vidogo vya kuenea kiganjani, vyote vikielekea mlango wa Wizara. Walipokuja kuzindua uwanja walikuta nyayo mia sita na zaidi zimekauka sakafuni. Zote ziliishia hatua ishirini kabla ya ngazi.

Waziri hakuweza kuingia ofisini bila kuzikanyaga. Watu nao wakaanza kuja kuziangalia. Walisimama tu kimya, lakini kila siku waliongezeka.

Baraza lilikaa siku sita. Mjumbe mmoja alisema alama zile zinaelekea mlangoni, kwa hiyo zinaonyesha nia ya kufika, na nia ni kosa. Mwingine akasema unyayo si mguu na mguu si mtu. Mwanasheria wa Wizara alitoa hoja iliyopigiwa makofi, kwamba zege lilikuwa bichi viatu vilipowekwa, kwa hiyo kisheria viliingia nchini kama vifaa vya ujenzi. Mzee mmoja mwenye huruma akapendekeza ziongezwe nyayo nyingine za kurudi, ili mtu akitazama aone kwamba wale watu walifika, wakaburudika, wakaenda kwao.

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe siku ya tatu sikuona tena cha kuchekesha. Nilikuwa nimeanza kuutazama muhuri wangu kila baada ya dakika chache, na usiku nilinawa kwa mkono mmoja ili usifutike. Nilitazama watu wa mjini nikaona wote wanafanya hivyohivyo. Sokoni mwanamke alipokea mchicha kwa mkono wa kushoto na kuuficha wa kulia kifuani. Watu wakikutana asubuhi hawasemi habari za kuamka. Mmoja anasema, "Nimefika," na mwenzake anajibu, "Nami nimefika," kisha wanapita haraka.

Siku ya saba aliletwa shahidi. Alikuwa mama wa kwetu, Bi Kazija, mtengenezaji wa katambuga, zile ndala za matairi. Mchuuzi mmoja alikuwa amemwonyesha picha ya uwanja ule, na humo akaona unyayo alioutambua. Alikuja kwa lango halali, akajibu swali la karani kupitia kwangu, akagongwa muhuri. Ndiye niliyeitiwa.

Alisimama mbele ya wajumbe akiwa amejitanda kanga, na mfuko wa vifaa vyake begani, kisu, nyundo na misumari, kwa sababu hakuwa na pa kuuacha. Mwenyekiti wa Baraza, Bi Ruzuna, mwanamke mwenye miwani myembamba, aliniambia nimuulize anadai nini.

"Nimeona ndala za binti yangu," alisema Bi Kazija. "Mashavu alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi kidogo. Ndala yake ya kushoto nilikuwa naishona matabaka mawili ili asichechemee. Pale uwanjani, karibu na taa ya tatu, kuna alama mbili, ya kushoto imezama zaidi, na kisigino kina misumari mitano. Ile kazi ni yangu. Hakuna mwingine anayepiga misumari mitano."

Nilitafsiri. Bi Ruzuna akaandika kitu.

"Muulize binti huyo yuko wapi sasa."

Nikauliza. Bi Kazija hakulia. Alinyoosha kidole dirishani, kuelekea uzio.

"Amekufa. Amekufa kwenye waya wenu, na hakuna aliyeniambia."

Wajumbe wote wakanigeukia. Lukindo, aliyekaa nyuma yangu, aligusa bega langu kwa ncha ya kidole. Karani alikuwa na kitabu kikubwa wazi mbele yake, na nililiona jina langu kwa mwandiko wake mzuri.

"Anasema," nikasema, "binti yake amechelewa."

Bi Ruzuna alitabasamu, na nadhani alitabasamu kwa wema. "Basi kama amechelewa, bado tunamsubiri. Mwambie mama asikate tamaa."

Na mimi nikageuka, nikamwambia mama yule maneno hayo kwa lugha yetu, kwamba wanamsubiri mwanawe, asikate tamaa.

Bi Kazija alinitazama mimi, hakumtazama Mwenyekiti. "Shaibu, umewaambia nini?"

"Nimewaambia ulivyosema, mama."

Baraza liliahirishwa. Alasiri, kwenye nyumba ya wageni tuliyofikia sote wawili, alinikuta nimekaa barazani na chai imepoa mbele yangu.

"Mwanangu, mimi sikusoma," alisema. "Lakini neno nililosema mimi lilikuwa zito. Wale watu hawakushtuka. Hata yule anayeandika hakuinua uso. Umewaambia nini?"

Nikamwambia ukweli. Nilimweleza habari za kitabu, na muhuri, na mkalimani aliyenitangulia. Nilisema nina mke na watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na nilitamani angenitukana. Akachukua mfuko wake, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Kutoka pale barazani nilimwona akishika njia ya uwanjani.

Uamuzi ulisomwa kesho yake saa nane mchana. Baraza lilikuwa limekubaliana kwamba nyayo zile hazijafika Karimani. Na kwa kuwa hazijafika, mahali zilipo hapawezi kuwa Karimani. Kuanzia dakika ile, Uwanja wa Makaribisho ulikuwa mpaka.

Sikuwahi kuona watu wakifanya kazi haraka namna ile. Askari walitoka kila pembe ya Wizara na mizigo ya waya mabegani, na kabla mtu hajaelewa kinachotokea uwanja ulikuwa umezungushiwa. Ndani walikuwamo watu thelathini na kitu. Alikuwamo Bi Kazija, amepiga magoti karibu na taa ya tatu, akichimba pembeni ya unyayo wa mwanawe kwa nyundo na kisu. Alikuwamo Sikitu, aliyekuja kumsaidia na patasi. Wengine walikuwa wapita njia tu, akiwamo mfagiaji wa uwanja, Mzee Ponsiano, raia, ambaye alikuwa katikati ya zamu yake. Alikuja mpaka kwenye waya na ufagio mkononi, akamwonyesha askari muhuri wake.

"Kijana, mimi nafanya kazi hapa. Nimefika tangu nizaliwe."

"Ulikuwa umefika, mzee," askari alimjibu kwa adabu. "Sasa uko mpakani. Subiri uulizwe."

"Niulizeni basi!"

"Karani amekwenda kula."

Lukindo alikuja kunichukua mbio. Alinipa kipaza sauti. "Mwambie mama wa kwenu aache kuchimba na atoke. Yeye ni shahidi, Mwenyekiti amemruhusu. Aache ile alama na atoke sasa hivi."

Nilimwambia. Sauti yangu ilirudi kutoka kwenye kuta za Wizara. Nje ya waya watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wote wameshika vifundo vya mikono.

Bi Kazija aliinuka polepole akiwa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope.

"Waambie nitatoka na mwanangu. Waambie alikufa hapa kwao, nami nataka nikamzike. Na leo, Shaibu, sema ninavyosema."

Nataka ieleweke kwamba sikuwa shujaa. Nilitafuta njia ya tatu na sikuiona. Nilikiinua kipaza sauti, na kwa lugha ya Karimani nikasema, "Anasema binti yake alikufa. Alikufa mpakani kwenu, na anataka kumzika."

Mama mmoja nyuma akaguna, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Karani, ambaye chakula chake kilikuwa kimeisha ghafla, alifungua kitabu, akaweka rula, akapiga mstari mmoja, kisha akarudi kula. Lukindo alininyang'anya kipaza sauti.

"Ingia," alininong'oneza. "Ingia mwenyewe chini ya waya, kabla hawajakuswaga. Tafadhali. Nitaambiwa nilikujua."

Nikaingia kwa tumbo, na miba ikanichana mgongo.

Tulikaa mle siku tatu. Sitaeleza yote. Jua la Karimani ni kali na zege halina kivuli. Watu wa nje walitaka kutupa maji, lakini Baraza lilikuwa linajadili kama maji yanayovuka mpaka ni msaada au ni bidhaa, na kama ni bidhaa, yanahitaji kibali cha nani. Tuliyaona matangi yamepangwa kwenye ngazi za Wizara, yametoka jasho la ubaridi. Jioni ya kwanza askari mmoja alijifanya kuangusha kibuyu, kikabiringika mpaka kwetu. Asubuhi yake hatukumwona tena.

Lakini jambo moja hawakulifikiria. Kwa kuwa tulikuwa mpakani, hatukuwa chini ya sheria ya mtu yeyote. Sikitu ndiye aliyeanza. Alipita kwenye nyayo moja baada ya nyingine, na kwa kila moja aliyokumbuka alisema kwa sauti alikiokota wapi kile kiatu. "Huyu alikufa karibu na mnara wa pili. Huyu alikuwa na ufunguo wa nyumba ndani ya soksi. Hivi viwili vilikuwa vimefungwa kamba pamoja." Watu nje walisogea ili wasikie, na askari wakawarudisha, nao wakasogea tena.

Mzee Ponsiano alikuwa na ugonjwa wa moyo, na vidonge vyake vilikuwa nyumbani, mtaa wa nne kutoka pale. Mkewe, Bi Agripina, alimletea mbio siku ya kwanza. Alisimama kwenye waya na chupa ya dawa mkononi, na mumewe kasimama upande huu, wanaweza kushikana vidole. Askari hawakumkatalia. Walimwambia tu kwamba dawa kuvuka mpaka zinahitaji cheti, na ofisi ya vyeti iko ndani ya Wizara, na mlango wa Wizara unafikiwa kwa kupitia uwanjani.

"Nitapitia wapi sasa?" aliuliza.

"Ndiyo tatizo, mama," walimjibu.

Siku ya pili alijaribu kuirusha ile chupa. Ilipiga nguzo ikapasuka, vidonge vikatawanyika upande wa askari. Mzee Ponsiano alicheka kidogo kumfurahisha mkewe, akamwambia aende nyumbani akapumzike, asikae juani. Hakwenda.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, mzee aliomba kulala. Nilimwekea kichwa chake kwenye paja langu, na Bi Kazija akamfunika kwa kanga. Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima. Aliniuliza kama karani amerudi. Nikamwambia bado. Baada ya muda nikahisi kichwa chake kimekuwa kizito.

Lukindo alisogea kwenye waya, akatazama, akaenda, akarudi na karatasi. Aliisoma kwenye kipaza sauti bila kuinua macho. "Baraza linawatangazia kwamba Bwana Ponsiano, mfagiaji, raia, amechelewa."

"Amechelewa wapi?" Ilikuwa sauti ya Bi Agripina, na mwanzoni ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza njia. "Nyumbani ni pale. Amechelewa wapi?" Kisha akaushika waya kwa mikono yote miwili. "Amekufa! Nimemwona akifa! Mume wangu amekufa, mmemuua hapa mbele yangu, na mnaniambia nini nyinyi?"

Aliuvuta ule waya, miba ikiingia viganjani. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akaushika pia. Halafu mwanamume mwenye kapu. Nikaona watu ambao kwa siku nzima walikuwa wameficha vifundo vyao wakivitoa, damu ikichuruzika juu ya mihuri ya buluu. Nahodha wa askari alipaza sauti kutoa amri ya kupiga risasi. Nilifumba macho. Nilipofumbua, baadhi ya askari walikuwa wameinua bunduki na wengine walikuwa wamezishusha, na nguzo ya kwanza ilikuwa imelala chini.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Bi Agripina alimzika mumewe kesho yake, na mji wote ulikwenda. Baraza nalo lilikaa kwa dharura, likakiri kwamba kumekuwa na upungufu katika sheria, na likairekebisha. Niliisoma ile sheria mpya ilipobandikwa. Inasema kwamba kuanzia sasa raia wa Karimani anaruhusiwa kufa mahali popote, hata mpakani, na familia yake inaruhusiwa kulitamka neno hilo. Watu wengine wote wataendelea kuchelewa kama zamani.

Watu waliisoma, wakapumua. Niliwaona wakipeana mikono. Jioni ile uwanja ulikuwa mtupu.

Sikitu alihukumiwa kuzibomoa nyayo zote kwa mkono wake mwenyewe. Usiku mmoja kabla ya kuanza adhabu alimalizia kukata kipande kile cha karibu na taa ya tatu, akakifunga kwenye gunia, akampa Bi Kazija. Hawakuwa na lugha moja. Walishikana mikono muda mrefu tu. Baraza halikutaka kelele zaidi kwenye waya, likaamuru mimi na Bi Kazija tutolewe kwa lango. Tulipoondolewa mjini tulimwacha Sikitu ameinama uwanjani na patasi, askari wawili wamemsimamia, na vumbi jeupe limemfunika kichwa kizima.

Lukindo ndiye aliyetusindikiza langoni. Tulipokaribia kufika alipunguza mwendo.

"Ulipolitamka lile neno," aliniuliza, "uliogopa?"

"Niliogopa sana."

"Na sasa?"

Niliutazama muhuri wangu. Akatikisa kichwa. "Mimi bado naogopa," alisema, kisha akarudi zake, akitembea kandokando ya ukuta.

Karani wa lango aliutazama mzigo wa Bi Kazija. "Amebeba nini?"

Nikauliza. Akanijibu. Nikatafsiri neno kwa neno: "Amembeba mwanawe, aliyekufa kwenye uzio wenu."

Karani alifunua gunia, akapapasa zege, akaandika: jiwe moja. Akatugongea kutoka.

Nje ya lango, barabara inafuata uzio kwa mwendo wa nusu saa hivi. Tulikuwa tumeitembea kidogo, tukipokezana ule mzigo, Bi Kazija aliposimama. Mbali kule bondeni, nje ya uzio kama sisi, kulikuwa na msururu wa watu. Walikuwa wengi, wamejitwika vitu vichwani, wengine wamebeba watoto mgongoni, na walikuwa wanaujia uzio moja kwa moja, taratibu, kama watu waliochoka wanaoona mwisho wa safari.

Bi Kazija alilitua gunia chini. Akavua kanga yake, akaipunga juu ya kichwa kwa mikono miwili, akapiga kelele kwa lugha yetu. "Rudini! Jamani, rudini! Msije huku!" Nami nikapiga kelele, kwa kila lugha ninayoijua. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwao kuja kwetu.

Wa mbele akatuona. Alisimama, akawaonyesha wenzake. Walidhani tunawakaribisha. Wakainua mikono, wakatupungia, wakaongeza mwendo.